Sina Haraka na Tumbusi wa Kwezunga

1

Siku ya Mwisho Kutua, watu wazima hupanda jabali la Genge la Kwezunga na kuacha akili zao huko chini walikoegesha magari. Karani wa mahakama, mwenye duka la dawa, mchungaji, mwalimu mkuu mstaafu, wote husimama ukingoni kwa mstari, glavu nyeusi mkono wa kulia, shingo zimepinda, midomo wazi. Simu ikiita haipokelewi. Mtoto akilia ni wa mwenzake. Sheria ya mashindano haina mafumbo: vielea vyote hurushwa asubuhi, na mwenye kielea kitakachokuwa cha mwisho kutua ndiye bingwa wa Usambara mpaka mwaka mwingine.

Kielea chenyewe ni kidege kisicho na injini. Kina mifupa ya mwanzi, kina mabawa marefu kuliko kitanda cha watu wawili, na kinaongozwa kwa redio kutoka kwenye glavu ya mrushaji. Hakuna kinachokisukuma. Kikae juu au kishuke, hiyo ni habari ya upepo na mkono wa mtu.

Alasiri hiyo vilikuwa vimebaki viwili tu angani. Kimoja kiliitwa Kitoweo, mali ya Aidani Hozza, mwenyekiti wa chama, mwenye bucha kule Soni. Kingine kiliitwa Sina Haraka, mali ya Tunu Shechambo, fundi miwani wa Lushoto mjini, ambaye mwaka huu alikuja kwa kufa na kupona.

"Teremsha tu, mdogo wangu," Hozza alisema bila kushusha macho. "Nenda nyumbani ukajikande shingo."

"Shingo yangu ni nzima, kaka Hozza. Angalia Kitoweo chako, kinashuka kama kimeitwa buchani."

Watu wakacheka. Hozza naye akacheka, tumbo likatikisika, lakini vidole vyake ndani ya glavu havikutikisika hata kidogo.

Chini ya genge, pale zamani palipokuwa na mkonge, tambarare yote ilikuwa vioo. Vilitandazwa kuvuna umeme wa jua mpaka macho yanapochoka, na hewa iliyochemka juu yake ilipanda kwa nguzo ndefu zisizoonekana. Warushaji waliita nguzo hizo ngazi. Ukiipata ngazi, unazunguka ndani yake na kielea kinapanda chenyewe. Na ukiipata, unalazimika kupaza sauti, "Ngazi!", na kunyoosha kidole ilipo, hata kama anayekusikia ni mshindani wako wa mwisho. Hiyo haikuandikwa popote. Aliyewahi kuificha alikoma kusalimiwa, akauza vifaa vyake, akahamia mchezo wa bao.

Juu ya vioo, mbali kidogo, ilining'inia sahani ya mtambo ulioitwa mlinzi, kubwa kama uwanja wa mpira, kimya, haina mtu ndani. Ilikuwa ikilinda njia ya ndege za mizigo. Kila kinachopaa kwenye anga ile kiliulizwa na mlinzi kwa redio, nacho kikajibu, kikaachwa. Kisichojibu kilipimwa joto la mwili na namna kinavyoruka. Kikiwa ndege wa Mungu, kiliachwa. Kikiwa kitu kingine, mwanga ulitoka mara moja, basi. Mwaka juzi tiara ya mtoto mmoja wa Mazinde ilikatika kamba ikapeperuka upande ule, na kilichoshuka kilikuwa majivu.

Tunu alikuwa akikiongoza Sina Haraka kando ya ukingo, akinyonya upepo unaopanda genge, aliposikia baridi ikimwingia kwenye ncha ya kidole kidogo. Glavu ndivyo ilivyosema: baridi ni hewa inayoshuka, joto ni hewa inayopanda. Alikunja kidole cha shahada kukielekeza kushoto, kwenye joto.

Sina Haraka hakikwenda kushoto.

Kiligeuka kulia, taratibu, kama mtu aliyeitwa na jirani, kikaelekea tambarare mahali ambapo Tunu hakuwa amehisi chochote. Akakunja kidole tena, kwa nguvu. Glavu ikamjibu kwa msukumo mwepesi kwenye kiganja, mara moja. Baada ya hapo kiganja kizima kikajaa joto, Sina Haraka kikaanza kupanda, na Tunu akasahau kupaza sauti.

2

Walitokea chini yake. Kwanza aliona vivuli vikitembea juu ya vioo, akadhani ni mawingu. Kisha vivuli vikapata wenyewe. Walikuwa tumbusi, kundi zima, wakipanda ngazi ileile kwa duara pana, mabawa yamenyooka, manyoya ya nchani yameachana kama vidole vya mtu anayetaka kupokea kitu.

Ukingoni shingo zote ziligeukia huko. Hakuna mtu pale aliyewahi kuwaona tumbusi wa Kwezunga isipokuwa kwa kusimuliwa. Walikwisha tangu nyakati za sumu, mizoga ilipotegwa dawa ili kuua simba, na bibi yake Tunu alikuwa akisema mbingu imebaki haina mtu wa kuifagia. Mchungaji alivua kofia. Hata Hozza, ambaye kwa wakati ule alitakiwa kuwa anaokoa Kitoweo, alisimama ametazama tu.

Tumbusi walikifikia Sina Haraka. Tunu akakaza mkono, akitegemea wakikwepe au wakipige. Walikipisha. Aliyetangulia, mzee wao labda, maana bawa lake moja lilikuwa na pengo, alisogea nje kidogo ya duara akaacha nafasi, na Sina Haraka kikaingia kwenye nafasi ile. Sasa walizunguka pamoja. Kila tumbusi alipopita karibu, Tunu alihisi kwenye kiganja hewa iliyotikiswa na bawa lake, laini, nzito. Aliwahisi mmoja mmoja. Hapo aliposimama, miguu kwenye jiwe na mkoba wa chakula begani, alikuwa pia kule juu katikati yao, na hakuna aliyemuuliza amefuata nini.

Machozi yalimtoka na hakujali nani anamwona. Umri wake wote alikuwa ametengenezea watu macho ya kuonea, na bado hakuwahi kuona kitu kikubwa namna hii.

Ila palikuwa na jambo jingine ndani ya glavu. Joto la ngazi alilijua, hukaa katikati ya kiganja na kutulia. Hili lilikuwa linakuja na kwenda, linapanda mpaka kwenye kifundo cha mkono na kurudi, haraka haraka, na halikulingana na hewa. Tumbusi mwenye pengo alipopiga bawa mara moja, lilizidi. Tunu alikuwa amewahi kulihisi joto hilo wiki kadhaa zilizopita, asubuhi alipokuwa akikitoa Sina Haraka stoo na kukiweka juani. Siku ile alijiambia ni glavu imechakaa.

Akajua kwamba glavu haikuwa na kasoro. Kile kilichokuwa kikimpita mkononi kilikuwa furaha, na haikuwa yake.

3

Kitoweo kilitua muda mfupi baadaye, kwenye majani, kwa heshima zote. Watu wakapiga vigelegele, mwalimu mkuu akambeba Tunu juu juu, bingwa, bingwa. Tunu alitabasamu kama anayepigwa picha ya kitambulisho. Hozza alikuja akamshika mkono wa kushoto, ule usio na glavu, kisha hakuuachia.

"Hukupaza sauti," akasema polepole, kwa ajili yake peke yake. "Miaka yote hii wewe ndiye unayepiga kelele kuliko wote. Leo umepanda ngazi kubwa kuliko zote nilizowahi kuona, na hukusema. Kwa sababu si wewe uliyeiona. Ngozi ya kielea chako ina umri gani, Tunu?"

Tunu alijaribu kuuvuta mkono wake.

"Mimi ndiye niliyekuuzia. Najua beseni ilimotoka."

Ni kweli, alijua. Ngozi za vielea vyote vya Kwezunga zilikuzwa uani kwa Hozza, nyuma ya bucha, kwenye mabeseni ya mchuzi wa mifupa. Mbegu yake ililetwa kwenye vichupa kutoka maabara yenye leseni. Wiki ya kwanza ilikuwa utando kama wa maziwa, wiki ya tatu unaweza kuuinua kwa mikono miwili, halafu unauvisha juu ya mifupa ya mwanzi nao unajishika wenyewe. Ngozi hiyo ndiyo iliyokuwa misuli ya kielea, ikijikaza hapa na kulegea pale kwa amri ya redio, na ndiyo iliyokuwa fahamu yake, ikihisi hewa na kuipeleka kwenye glavu. Ikishakomaa haihitaji mchuzi tena. Inakula jua na kunywa ukungu.

Na ikishakomaa inakuwa nzuri kupita kiasi, hapo ndipo palipokuwa na shida. Ngozi changa hufanya inachoambiwa. Ngozi kuukuu huanza kulijua genge, kila kona yake, na mrushaji anaona mkono wake umekuwa wa ajabu. Mahakama ilikwisha kuamua kwamba ngozi inayojikunja ikichomwa sindano ni mnyama, na hakuna mtu aliyepewa kibali cha kutengeneza mnyama. Kwa hiyo kila ngozi lazima ivuliwe na kutiwa kwenye pipa la chumvi kabla ya kufikisha miezi miwili, wakati bado haijui kitu. Ikigundulika iliyovuka, inatiwa vilevile, na mwenyewe anafungiwa.

"Siku ya kutia chumvi niliivua ngozi ya kielea cha mwenzangu mbele yako," Tunu alisema, "ukadhani ni yangu. Yangu nilikaa nayo masika yote. Nilitaka kombe, kaka Hozza. Nilitaka tu kombe, sikutaka jambo jingine."

"Nani asiyetaka," Hozza alisema. Hakuonekana kukasirika, alionekana kuchoka ghafla.

Pembeni, chini ya turubai, alikaa Afisa Gwantwa Mwakalinga wa ofisi ya anga, binti mrefu, mpole, aliyewaamkia wakubwa wote shikamoo tangu alipofika na ambaye hakula hata sambusa ya chama ili asije akaambiwa amehongwa. Mbele yake palikuwa na sindano ndefu kwenye kitambaa cheupe, na pipa. Muda huo alikuwa akikikagua Kitoweo. Alichoma bawa, akangoja. Ngozi ikatulia kama turubai lililokuwa juu yake. Akaitikia kwa kichwa, na vijana wa chama wakaivua ngozi kwa ustadi, wakaitumbukiza, chumvi ikachemka kidogo, kwisha. Tunu alikuwa ameliona tendo hilo tangu ajiunge na chama. Leo alitazama pembeni.

"Bingwa!" Gwantwa aliita kwa uchangamfu. "Hongera, dada Tunu. Tukiteremshe sasa tukikague, nikupe kombe lako."

"Anakuja," Hozza alijibu kwa niaba yake. Kisha akainama tena sikioni kwake. "Sikiliza. Ukikiteremsha, utafungiwa wewe. Inauma, lakini chama kitabaki, genge litabaki. Ukikiachia kikaenda, hilo ni kosa la chama kizima. Kuachia kitu hai angani! Watafunga Kwezunga, Tunu. Huyo binti ni mpole lakini atafunga."

"Na wewe unaonaje?"

"Usiniulize hivyo."

"Nakuuliza."

Hozza alifuta uso kwa kiganja. "Mimi nachinja kila alfajiri. Sioni haya, watu wanakula. Lakini sijawahi kumwita ng'ombe kwa jina lake, akaja mbio kwangu kwa sababu ananipenda, halafu nikamshikia kisu." Akatazama mstari wa warushaji. "Ila genge hili nililipigania miaka mingi. Nilizeekea kwenye ofisi za watu kwa ajili yake. Hilo nalo ni kweli. Sasa amua wewe, maana glavu ni yako."

Akaondoka hatua mbili, akarudi. "Na usije ukasema kimeanguka. Nakuomba."

Hakuwa na haja ya kueleza. Kielea kikianguka pale Kwezunga, hakuna mtu anayerudi nyumbani. Wote hufunga kamba na kushuka gengeni kukitafuta, wazee kwa vijana, mpaka kipatikane. Hata kikiwa cha mtu wasiyeelewana naye. Mchungaji aliwahi kuvunjika mguu kwenye miiba kule chini akikitafuta kielea cha mwenye duka la dawa, na watu hao wawili hadi leo hawaafikiani juu ya jambo lolote. Uongo mdogo wa Tunu ungewapeleka wote hao kwenye kamba, wakitafuta kitu ambacho hakipo.

4

Tunu alikunja kiganja taratibu, ishara ya njoo.

Moyoni alitumaini hakitakuja. Kama kingekataa, kama kile cha kugeuka kulia kingejirudia, mambo yangekuwa rahisi. Lakini Sina Haraka kiliwaacha tumbusi papo hapo. Kililala ubavu, kikatoka kwenye duara, kikashuka juu ya vioo kwa mstari mrefu ulionyooka kuelekea kwake, na kadiri kilivyokaribia joto kwenye glavu lilizidi. Kilikuwa kinakuja kwa furaha ileile kiliyokuwa nayo kule juu. Kwake yeye, kurudi kwa Tunu na kuruka na tumbusi yalikuwa mambo mawili mazuri ya siku moja.

Watu wakaanza kupiga makofi. Gwantwa alisimama, akaikamata sindano.

Kilipita mbele ya ukingo, karibu kiasi cha Tunu kuhisi upepo wake usoni. Aliiona ngozi kwa macho ya fundi wa miwani, ambayo hayakosi kitu. Ilikuwa ya kijivu cha kahawia, na kwenye ukingo wa mbele wa bawa vilikuwa vimetoka vipele vidogo kwa mistari, kama vya kuku aliyenyonyolewa. Hakuna aliyekipanda kitu hicho pale. Ngozi ilikuwa imeanza kujitafutia manyoya.

Mungu wangu, alisema Tunu, na alilisema kwa sauti.

Alikuwa na muda wa mzunguko mmoja. Kwenye mzunguko unaofuata kingetua kwenye majani, kwa sababu amekiambia njoo, na kingelala pale kikimngoja akishike kama kila siku. Halafu kingechomwa, nacho kingeruka kwa maumivu mbele ya watu wote, na wala kisingejua kumchukia mtu. Aliwatazama wenzake mstarini. Aliwapenda watu hawa. Wengine walikuwa hawana kitu kingine duniani cha kuwafanya watazame juu. Mwalimu mkuu alifiwa na mkewe mwezi wa tatu, na Jumamosi iliyofuata alikuja hapa, hakwenda kwingine. Kama Kwezunga ikifungwa, atakwenda wapi Jumamosi?

Mzunguko ukaisha.

Sina Haraka kikashuka kuelekea majani. Tunu akafungua kiganja wazi na kuisukuma hewa juu, kwa nguvu zote, nenda. Kielea kikasita. Joto likayumba. Kikapita juu ya vichwa vya watu, kikageuka, kikaanza kurudi kwake. Akasukuma tena, na tena, na safari hii alikuwa analia kwa sauti, "Nenda! Nenda, mwanangu, nenda!" Wale waliokuwa wakipiga makofi wakaacha.

Kikaenda. Kiliuchukua upepo wa genge, kikapanda, kikawafuata tumbusi waliokuwa wameshaanza kusogea kuelekea Mkomazi. Njia yao ilipita mbele ya mlinzi.

Hapo ndipo palipokuwa pagumu kuliko pote. Redio ndani ya Sina Haraka, ndogo kama tembe ya dawa, ilikuwa ikimjibu mlinzi kila dakika, mimi ni chombo cha Kwezunga, mkono wangu ni Tunu Shechambo. Maadamu inajibu, kitafuatwa kokote kiendako na kuletwa. Ikizimwa, mlinzi hatapata jibu, atakipima mwenyewe. Joto la mwili kilikuwa nalo. Namna ya kuruka, tumbusi ndio waliokifundisha, kwa alasiri moja. Ingetosha au isingetosha. Na ikizimwa haiwaki tena, wala glavu haitahisi tena kitu. Hatajua.

Amri ya kuzima iliwekwa kwa ajili ya betri inayoshika moto: kidole gumba juu ya kidole cha pete, ubane, ushikilie. Tunu alishikilia kwanza bila kubana. Alitaka kukihisi mara moja zaidi. Tumbusi mwenye pengo alikuwa amekwisha kukipisha, kimeingia kwenye duara, na hewa ya mabawa yao ilikuwa ikimpita Tunu kiganjani, mmoja, halafu mwingine, halafu mwingine.

Akabana.

Glavu ikawa kitambaa.

"Kimeanguka?" mtu aliuliza. Mwenye duka la dawa alikuwa tayari ameshachukua kamba, mchungaji anajifunga kiunoni, na mguu wake ule mbovu. Hakuna aliyengoja kuambiwa. "Upande gani, Tunu? Sema upande, tushuke kungali na mwanga."

"Hakijaanguka," Tunu alisema. Akarudia kwa sauti kubwa ili wote wasikie. "Wekeni kamba chini, ndugu zangu. Hakijaanguka. Ngozi yangu ilipitisha wakati, nilikuwa najua, nikanyamaza kwa ajili ya kombe. Imekuwa na uhai. Nimezima redio, nimekiacha kiende. Kosa ni langu, na nimewaponza."

Mchungaji alibaki ameshika fundo.

Gwantwa alikuja mbio na darubini, sindano bado mkononi, amesahau kuiweka. "Dada Tunu, unajua ulichofanya? Kitu kisichojulikana ni nini, hakina leseni, kinaingia njia ya ndege! Nionyeshe ni yupi. Nikimwambia mlinzi mapema atakitoa hicho peke yake. Nikichelewa, sijui atafanya nini na hao ndege."

Alimpa darubini. Tunu aliipokea kwa mikono miwili kama inavyopaswa, akaiweka machoni.

Tumbusi walikuwa wameshafika mbele ya sahani. Mlinzi aliwasha mwanga wake wa kupimia, mwekundu, mwembamba. Watu wote ukingoni walishika pumzi. Mwanga ulimgusa wa kwanza, yule mwenye pengo, ukamwacha. Ukamgusa wa pili. Ulikwenda kwa wote, mmoja mmoja, bila haraka, ukitulia juu ya kila kifua kwa kitambo kidogo kama daktari anayesikiliza mapigo, na kila ulipotulia Hozza alikuwa akisema kwa chinichini, "Acha. Acha. Acha." Palikuwa na mmoja ambaye ulikaa kwake zaidi. Tunu aliuma mdomo mpaka akaonja damu. Kisha mwanga ukasogea kwa mwingine, na kwa mwingine, ukazimika.

Hakuna majivu yaliyoshuka. Kundi likaendelea na safari zake.

"Ni yupi?" Gwantwa aliuliza tena, lakini sasa alinong'ona.

Tunu alitafuta. Alijua urefu wa bawa la Sina Haraka kwa nusu ya ukucha. Alijua kinavyoinama kabla ya kugeuka. Alitazama wa mbele, wa nyuma, wa pembeni, akarudia, akasafisha lenzi kwa upindo wa gauni lake, akarudia tena. Wote walikuwa wameinama namna ile ile.

"Sijui," alisema, na ilikuwa kweli tupu. "Wallahi sijui, mwanangu. Tazama mwenyewe."

Gwantwa alitazama muda mrefu sana. Aliposhusha darubini, alikuwa na uso wa mtu aliyetoka kwenye nyumba ya ibada ambayo si ya dini yake. Akaisogeza sindano nyuma ya mgongo, kama anayeona haya nayo.

"Mlinzi amepima ndege," alisema taratibu. "Ameona ndege tu. Sina cha kumwambia." Akamnyooshea Tunu mkono mwingine. "Lakini hapa chini nina cha kusema. Wewe hutarusha tena maisha yako, dada. Glavu nipe. Na genge, Mwenyekiti, genge nalifunga leo. Kusikilizwa kutakuwepo, mtajitetea, siwezi kuahidi kitu. Mnisamehe."

Tunu alivua glavu, akampa. Kisha akamgeukia Hozza, kwa sababu Tunu alimwogopa huyo zaidi.

Hozza alikuwa akitazama pipa la chumvi, mahema, mstari wa watu wake waliokuwa wakiangalia viatu vyao. Kisha akamtazama Tunu. "Nimekasirika, Tunu. Nitakasirika muda mrefu, usije nyumbani kwangu wiki hizi." Akavuta pumzi. "Mimi nisingeweza kubana. Nataka ujue hilo nalo. Ningekiteremsha, na kila alfajiri kazini ningekikumbuka."

Akaenda kuanza kukunja mahema, na wengine wakamfuata mmoja baada ya mwingine. Mwalimu mkuu peke yake alikawia, akasimama kando ya Tunu bila kumlaumu wala kumpongeza, shingo imepinda, akitazama alikokuwa anatazama yeye.

Tumbusi walikuwa wamekuwa nukta juu ya Mkomazi. Upepo wa genge ulimpiga Tunu kwenye kiganja kitupu, na alishangaa jinsi ulivyokuwa upepo tu. Akainua mkono huo. Akawaaga wote, mmoja mmoja, kwa utaratibu, mpaka wa mwisho kabisa, ili asimkose wake.